Alifaulu la saba vizuri, kidato cha kwanza F tano: mama aliyeishia la saba aende shuleni kusema nini?

"Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo huku Ifakara, tunalima mpunga na nina genge la mboga. Mwanangu wa kwanza alimaliza la saba mwaka jana kwa wastani wa B, tukafurahi sana. Sasa kaja na ripoti ya mwezi wa sita: Bailojia 22, Kemia 19, Fizikia 17, Historia 26, Jiografia 24, Kiingereza 31, Hisabati 46, Kiswahili 71. Mwalimu wa darasa kaandika mvivu, hajitumi, mzazi fika shuleni. Baba yake anasema huyu hana kichwa, bora akajifunze ufundi pikipiki. Mimi nimeishia la saba, Kiingereza sijui, naogopa kwenda nitaaibika, nitawaambia nini? Na nyumbani nitamsaidiaje wakati hata swali lenyewe siwezi kulisoma? Au nimhamishie shule ya kulipia?"

Mama, pole sana, na asante kwa kuandika alama zote moja moja, maana wazazi wengi wananiambia tu mtoto kafeli na hapo mtu unakosa pa kuanzia. Wewe umeniletea ripoti nzima na mimi naona sehemu kubwa ya jibu imo humohumo.

Hebu ichukue tena uisome, ila safari hii usitafute F, tafuta pale alipofaulu. Kiswahili 71, hiyo ni B. Hisabati 46, hiyo ni C, maana C inaanzia 45. Kiingereza 31 ni D. Yaliyobaki yote yako chini ya 30, na chini ya 30 ni F. Sasa jiulize, haya masomo aliyoanguka yanafanana nini? Yote anafundishwa kwa Kiingereza, anasoma notsi za Kiingereza, anaulizwa kwa Kiingereza na anatakiwa ajibu kwa sentensi za Kiingereza alizotunga mwenyewe. Kiswahili kinafundishwa kwa Kiswahili, na Hisabati ukishaelewa alama zake namba ni zilezile alizoziacha la saba. Mtoto mvivu hachagui somo, mama, uvivu ungeonekana hata kwenye Kiswahili, tena huko ndo ungeonekana zaidi maana kuna insha na ushairi na sarufi. Mimi mwanao sijamuona kwa macho kwa hiyo siwezi kukuapia, lakini nimefundisha kidato cha kwanza miaka mingi na ripoti ya namna hii nimeshaishika sana mkononi, na mara nyingi tatizo linakuwa lugha, wala sio kichwa.

Sasa nikueleze inavyotokea, kwa sababu ukishaelewa hapa hata kwenda shuleni hutaogopa. Mwanao kasoma miaka saba kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa somo moja tu kati ya mengine. Mtihani wa la saba maswali mengi ni ya kuchagua, unasoma, unachagua herufi, unasiliba. Afu Januari anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki chache za kuzoeshwa Kiingereza, na shule nyingine hata hizo wiki zinaisha walimu wakiwa bado wanapokea wanafunzi wapya na kuhangaika na madawati, baada ya hapo masomo yanaanza mbio, kila mwalimu na somo lake, na kila somo lina maneno yake ambayo hata kwenye Kiingereza cha la saba hayakuwepo.

Nikupe mfano mmoja niliokaa nao mezani. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza, mama yake naye alikuwa kaambiwa mtoto mzito, aliniletea karatasi yake ya Kemia. Swali la kwanza limeandikwa "State three states of matter". Kaacha wazi kabisa, sifuri. Nikamuuliza kwa Kiswahili, we kijana, maada ina hali ngapi? Akajibu palepale bila kufikiri: tatu, yabisi, kimiminika na gesi, akaendelea mwenyewe kunieleza barafu ikiyeyuka inakuwa maji, maji yakichemka yanakuwa mvuke. Yaani anajua! Nikamuuliza sasa mbona hukujibu? Akanyamaza kidogo, akasema, mwalimu, "matter" si ndo ile ya "what is the matter", kuna nini? Na hiyo "state" ipo mara mbili sikuelewa. Na kweli ipo mara mbili, ya kwanza maana yake taja, ya pili maana yake hali, neno moja kwenye swali moja lina kazi mbili tofauti na hakuna aliyewahi kumwambia. Elimu ya swali lile mtoto alikuwa nayo kichwani tangu shule ya msingi, kilichomshinda ni mlango wa kupitia. Mimi siku ile niliumia sana maana karatasi kama hizo nilishasahihisha mamia nikaweka sifuri nikaendelea.

Kuna mtafiti anaitwa Jim Cummins wa Chuo Kikuu cha Toronto kule Kanada, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 amekuwa akieleza kwamba lugha ina sehemu mbili, ile ya kuongea na wenzako uwanjani na ile ya darasani ya kusoma na kujieleza kwenye somo. Ya kuongea mtoto anaweza kuipata kama ndani ya miaka miwili hivi, lakini ile ya darasani inachukua miaka mitano na zaidi. Na hao aliowaangalia ni watoto wa wahamiaji waliozungukwa na Kiingereza dukani, barabarani, kwenye tivii, kila mahali. Mwanao wa Ifakara Kiingereza anakutana nacho kwenye vipindi tu, akitoka pale getini amekiacha. Kwa hiyo miezi sita kuwa hajakishika sio ajabu hata kidogo. Na huyohuyo Cummins anasisitiza jambo ambalo wewe linakuhusu moja kwa moja, kwamba kitu ulichokielewa vizuri kwa lugha yako hukianzi upya ukihamia lugha nyingine, unatafuta jina lake jipya tu. Nitalirudia hili chini maana ndipo kazi yako ilipo.

Kwa baba watoto, mwambie kwa upole, wala usigombane naye. Ufundi pikipiki ni kazi ya heshima na kijana akiupenda mwenyewe baadaye aende tu, ila asiende kwa sababu kaambiwa hana kichwa huku akili anayo. Mtoto akiambiwa hivyo na baba yake mwezi wa sita, mwezi wa saba anarudi darasani ameshakata tamaa, na hapo sasa ndo ule uvivu wa kweli unaanza. Muoneshe baba ile 71.

Na kuna jambo nakuomba sana usilifanye ukifika shuleni, maana nimeona wazazi wengi wakilifanya kwa nia njema kabisa. Usimwambie mwalimu "huyu ni wako, mchape tu mimi nakupa ruhusa". Kwanza hiyo ruhusa sio ya kwako kutoa, kanuni za adhabu ya viboko shuleni zimeweka mipaka, anayeruhusiwa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na lazima iandikwe kwenye kitabu. Pili na kubwa zaidi, kiboko hakimfundishi mtu maana ya neno. Utachapa mpaka fimbo ikatike na "matter" itabaki haieleweki, sana sana mtoto ataacha kunyoosha mkono darasani, na mtoto asiyeuliza kwa lugha asiyoijua huyo ndo kashapotea.

Ila pia na mwalimu nataka umuelewe. Yule aliyeandika mvivu inawezekana kabisa ana mikondo mitatu minne, kila mmoja vijana sitini sabini, akiuliza mmeelewa darasa zima linaitikia ndiyo mwalimu, yeye anachokiona ni kijana aliyekaa kimya, hajibu, homuweki kanakili kwa mwenzake. Kwa nje mtoto asiyeelewa lugha na mtoto mvivu wanafanana sana. Anachokijua mwalimu ni yanayotokea darasani, hajawahi kumuona mwanao akimuelekeza mdogo wake hesabu au akipiga mahesabu ya genge lako bila kikokotoo. Wewe ndo umeyaona hayo, lakini darasani hujafika. Kila mmoja ana nusu ya habari za huyu mtoto, na mtoto anaumia kwa sababu hizo nusu mbili hazijawahi kukutana. Kwa hiyo usiende kama mtu aliyeitwa kusomewa mashtaka, nenda kama mtu mwenye taarifa ambayo shule haina.

Usisubiri kikao cha wazazi maana kule mtakuwa mia mbili, itaongelewa michango ya chakula na ujenzi wa choo na utarudi nyumbani hujasema neno. Piga simu shuleni au mtume kijana aulize mwalimu wa darasa ana nafasi saa ngapi, nenda siku ya kawaida, mchana vipindi vikipungua. Nenda na mtoto, na nenda na karatasi zake za mtihani, sio ripoti peke yake. Na uongee Kiswahili mama, hakuna mwalimu atakayekucheka, nao wenyewe ofisini wanaongea Kiswahili. Anza na jema: asante mwalimu kwa kuniita, nimeona kwenye Kiswahili kafanya vizuri, nimekuja tuangalie haya mengine. Afu omba kitu kimoja, mwambie naomba tumuulize maswali mawili matatu ya hii karatasi kwa Kiswahili hapahapa mbele yako tuone kama anajua. Hicho kitendo cha dakika tano kinafanya kazi kuliko maelezo ya saa nzima, maana mwalimu akisikia mtoto anajibu vizuri kitu alichokiachia wazi, lile neno mvivu linafutika lenyewe. Na kama hata kwa Kiswahili hajui, basi pia tumejua, kuna mada hakuzishika na tunajua zipi.

Baada ya hapo waulize anakaa wapi darasani, anahudhuria kila siku kweli, na nani anaweza kumsaidia. Omba asogezwe mbele, akae karibu na kijana aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza kama yupo. Omba walimu wa masomo, kila wakianza mada mpya, waandike ubaoni maneno kumi muhimu na maana zake kwa Kiswahili, walimu wengi wazuri wanafanya hivyo tayari na hilo halimsaidii mwanao peke yake bali darasa zima. Kama mwalimu wa darasa hana muda muone mwalimu wa taaluma, ikishindikana mkuu wa shule. Na kama una nguvu kidogo ongea na wajumbe wanaowakilisha wazazi kwenye bodi ya shule, maana sekondari ina bodi kama vile msingi ilivyokuwa na kamati, na hili la lugha ya kidato cha kwanza ni ajenda halali kabisa kuliko tunavyodhani. Watu wamezoea kwamba tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 basi mzazi kazi yake imeisha, kumbe ada ndo iliyoondoka tu, mzazi yupo palepale.

Sasa nyumbani. Wewe umesema huwezi kusaidia kwa sababu hujui Kiingereza, mimi nakwambia unacho anachokihitaji zaidi, nacho ni Kiswahili na sikio. Jioni ukiwa unachambua mchicha wa kesho, mwite akae na daftari lake, mwambie mwanangu leo Bailojia mmefundishwa nini, hebu nielekeze na mimi nielewe. Umsikilize kweli. Akisema kitu hukielewi muulize, kwa nini, kama nini, nipe mfano wa hapa kwetu. Akishindwa kukueleza kwa Kiswahili maana yake na yeye hajaelewa, ananakili tu, basi hapo anaweka alama kwa penseli na kesho anamuuliza mwalimu. Akiweza kukueleza mpaka wewe ukaelewa, ile mada ameishika, kilichobaki ni majina yake ya Kiingereza. Dakika ishirini zinatosha, kila siku, kuliko masaa matatu ya Jumapili.

Afu mnunulie daftari dogo la maneno. Kila siku maneno matano mpaka kumi, upande huu Kiingereza, upande huu Kiswahili, na chini yake sentensi moja. Aanze na maneno ya kuulizia, yale ya taja, eleza, fafanua, tofautisha, orodhesha, maana hayo yapo kwenye masomo yote na mtoto akiyakosa anapoteza alama kila mahali, anaambiwa aeleze yeye anataja tu. We hata usipojua kusoma ule upande wa Kiingereza unaweza kufunika kwa kiganja upande mmoja na kumuuliza. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mtafutieni moja hata ya kutumia wawili na mwenzake, na kama kuna simu ya kuperuzi hapo nyumbani, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandao na kuvisoma ni bure.

Watu watakushauri uache kabisa kuongea naye Kiswahili nyumbani, eti ndo atajua Kiingereza. Usiwasikilize. Utakuwa umemnyang'anya lugha anayofikiria nayo ukampa vipande vya lugha ambayo na wewe huna, na mazungumzo yenu yote yatakufa.

Kuna jambo hukuliandika ila kwa kuwa nalijua kidogo bonde la Kilombero nitakuuliza. Msimu wa mpunga mlihamia shamba? Maana huko kwenu najua familia zinahamia madunguni kulinda ndege na kuvuna, watoto wanaobaki mjini wanapika wenyewe, wanalea wadogo zao, wengine wanafuatwa wakaamie ndege wiki nzima, na msimu huo unaangukia muhula wa kwanza, wakati uleule kidato cha kwanza kinajenga msingi. Kama ilikuwa hivyo sikulaumu, mpunga ndo unaolipa sare na madaftari, ila shule ilipaswa kujua. Mwakani mkihama mwambie mwalimu wa darasa kabla, mwachie namba ya jirani au shangazi atakayemwangalia mtoto, na aliyebaki asiwe mzazi wa mdogo wake peke yake. Mwalimu akijua hilo hata kuchelewa kwake atakuelewa tofauti.

Kuhusu tuisheni na kuhamisha. Tuisheni ya Kiingereza yenye watoto wachache, mwalimu anayewafanya waongee na kuandika, hiyo inasaidia na kama mnaimudu mfanye hata mara mbili kwa wiki. Tuisheni ya kujaza watoto hamsini chumbani wakinakili notsi zilezile za mchana ni kupoteza hela na kumchosha. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili ni nzuri sana kwa kazi hii kuliko katikati ya muhula. Shule ya kulipia inaweza kumsaidia pale ambapo madarasa ni madogo na Kiingereza kinaongewa kweli, lakini sio zote ziko hivyo, na ukiuza shamba umpeleke bweni huku tatizo lake hakuna aliyelitaja atahama nalo. Mimi ningewapa muhula huu wa pili kwanza. Kurudia kidato cha kwanza sikushauri, maana anaweza akarudia kitu kilekile kwa lugha ileile asiyoielewa. Mnao muda, mtihani wa kitaifa wa kidato cha pili ni mwishoni mwa mwakani, na huo ni wa kuuchukulia kwa uzito kwa sababu asiyefikia kiwango ndo anarudia darasa.

Pamoja na yote haya kuna mambo ambayo mimi wa kuandika huku siwezi kuyapima. Ukiona ananakili ubaoni vibaya, anakunja uso, anasogeza daftari karibu na macho au kichwa kinamuuma jioni, mpeleke hospitali ya wilaya akapimwe macho kabla ya kitu kingine chochote, na masikio pia kama unamwita mara tatu ndo anageuka. Ukimpa habari fupi ya Kiswahili asome kwa sauti akawa anababaika herufi kwa herufi, hiyo ni shida nyingine, mwambie mkuu wa shule akuunganishe na afisa anayehusika na elimu maalumu pale halmashauri. Na kama kabadilika ghafla, hali chakula, hataki kwenda shule, analia, ana pesa au vitu usivyojua vimetoka wapi, kuna mtu anamtisha njiani, hapo usisubiri ripoti, muone mwalimu wa malezi na ofisi ya ustawi wa jamii, na kuna simu ya watoto namba 116 unapiga bure.

Nenda wiki hii mama, kabla testi za katikati ya muhula hazijafika. Ukirudi niandikie walimu wamesemaje, na ile karatasi ya Fizikia ya 17 ipige picha unitumie, nataka nione aliyoyaacha wazi ni maswali gani.